Nilimsingizia Bi Mwanasiti chai

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yamepata moto.

Nilikuwa Msambweni, ofisi ya shule, nikiweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya Bi Mwanasiti, karani wao. Kazi ilikwenda vizuri hadi mashine iliponiomba neno la siri.

Nikaandika. Kwenye skrini haikutokea hata herufi moja.

Nikaandika tena, kwa nguvu. Wapi!

Basi nikamgeukia yule mama mbele ya walimu wote. "Bi Mwanasiti, umeimwagia kibodi chai."

(Mimi, niliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyo hiyo!)

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, tumefunga. Chai ningeinywa saa ngapi?"

Ni Ramadhani, na mimi nimesahau.

Kisha akasogea karibu. "Huenda linajificha. Si inaomba neno la siri? Hebu liandike, kisha ubonyeze Enter."

Nikabonyeza. Ikakubali. Kumbe herufi za neno la siri hufichwa tu.

Nikamwomba radhi pale pale.

"Nimekusamehe," akasema, "lakini waambie na walimu kwamba sikumwaga kitu."

Nikawaambia, mmoja mmoja. Nyinyi mngeuweka wapi uso?