Drafti ya Ongodia

Mwaka wa sabini na nne, pale Malaba, hakuna mtu aliyekuwa akimfunga Ongodia drafti. Hakuna! Alikuwa ajenti wa forodha, mtu wa Amukura, na lori halikuvuka kwenda Uganda mpaka yeye aitoe karatasi yake. Madereva walingoja nje ya ofisi yake, wakicheza naye kwa vizibo vya soda, na kila aliyeketi aliinuka amefungwa.

Ungedhani basi ana raha. Raha gani? Alishinda asubuhi, akashinda mchana, na bado mguu wake ulitikisika chini ya stuli. Akamwita mwingine, akamfunga, akasonya. Akadhani labda ubao umechakaa, akamlipa fundi amtengenezee mpya wa rangi nyekundu na nyeusi, wa kupendeza kweli. Ladha haikuja. Mkewe, Amuron, alimuuliza kama anaumwa.

Aliyemtibua ni Benedetta, muuza chai wa hapo mlangoni. Sheria ya drafti inajulikana: ukiweza kula kizibo cha mwenzako lazima ule, usipokula kizibo chako kinatolewa. Na madereva wa Ongodia walikuwa wakisahau kula kila siku. Benedetta akamnong'oneza huku akimimina chai.

"Mzee, hawa watu wanakumbuka kila shimo la barabara kutoka Mombasa. Kula tu ndio wanasahau?"

Weh, neno hilo lilimwingia! Akawakumbuka mmoja mmoja wakijikuna kichwa na kumwambia mzee wewe ni moto, kumbe wanabembeleza karatasi. Aliona aibu, halafu hasira, halafu akaona aibu tena. Kesho yake hakugusa ubao. Aliingia ofisini, akatoka, akaingia, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alitaka kujua jambo moja tu: yeye drafti anaijua au haijui?

Ndipo akafika Paulinus, dereva wa Bungoma aliyekuwa amefungwa hapo mara nyingi. Akavuta stuli kama kawaida yake. Kabla salamu hazijaisha, Ongodia akamkabidhi karatasi zote, zimekamilika.

"Unaweza kwenda," akamwambia. "Lakini ukitaka, kaa tucheze."

Paulinus akalitazama lori lake. Akazitia karatasi mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko. Paulinus akaketi.

Mama yangu, alichapwa Ongodia! Paulinus hakusahau kula hata kizibo kimoja. Ongodia alitoka jasho, akawaza mpaka chai ikapoa, akatega mtego, ukanasa, akapiga makofi kwa furaha, na papo hapo akaliwa vizibo viwili. Kumbe hajui kitu! Na kumbe mchezo wenyewe ni mtamu hivi! Mguu ulikuwa umetulia na yeye hakujua.

Paulinus aliposimama, Ongodia alimshika shati, akamsihi wapange tena. Akamuuliza kwa nini siku zile zote hakucheza namna hii.

"Siku zile nilikuwa kazini, mzee," Paulinus akasema. "Leo ndio nimecheza."

Akawasha lori, akaenda zake. Ongodia akakimbilia ndani, akatoka na karatasi za dereva aliyefuata, akamwambia maneno yale yale. Dereva akashukuru sana, akaondoka bila hata kuutazama ubao. Wa tatu naye vilevile. Ongodia akarudi ndani kutafuta karatasi za wa nne.