Mboga ya Mtoni ya Mama

Sisi tuliolelewa upande wa Manyatta miaka ya sabini, tukienda shule miguu peku kwenye umande, tunaijua mboga ya mtoni. Majani madogo ya mviringo, yanaota ndani ya maji yanayotembea, na ukiyatafuna mabichi yanakuwasha kama pilipili hadi puani. Mama aliyaponda ndani ya mukimo wa viazi na mahindi, na haki ya Mungu, hakuna aliyebakisha kwenye sahani.

Shamba lake lilikuwa mfereji chini ya chemchemi yetu. Alipanga mawe ili maji yapite polepole, akachomeka vipande vya mashina matopeni. "Kata, using'oe!" Uking'oa, kofi lilikufikia kabla hujainuka. Kahawa ilikuwa ya Baba, ng'ombe wa Baba, hata kuku walikuwa wa Baba wageni wakija. Mboga ile peke yake ilikuwa ya Mama. Akishaiuza sokoni, sukari na mafuta ya taa hakumwomba mtu.

Sasa Baba, kama wakulima wote wa kahawa, aliamini hakuna mmea unaokataa mbolea. Siku moja Mama akiwa kwa mkutano wa akina mama kanisani, Baba alimwaga mbolea ya kahawa mferejini, akarudi akipiga mluzi. Alitaka kumfurahisha. Maji yakajaa utelezi wa kijani, mboga ikaoza yote. Mama alikaa ukingoni akalia, nami niliogopa, maana sikuwahi kumwona akilia. Hakumgombeza Baba. Alimpikia githeri kavu juma zima, mahindi na maharagwe matupu bila jani la mboga.

Jumamosi Baba alifuata kijito hadi karibu na msitu, akarudi suruali imelowa mapajani, ndoo imejaa miche. Tulidhani ataipanda tu bila kumuuliza mtu, kama kawaida yake. Akavua kofia.

"Mama Wanja, nipande wapi?"

Mama alimtazama kwanza. "Wewe safisha mfereji, Baba Wanja. Kupanda nitapanda mwenyewe."

Akasafisha, mzee mzima, matope hadi viwikoni, nasi tukicheka kimyakimya.

Siku hizi wajukuu wangu wakiona majani mabichi wanauliza kama ni ya sungura. Aki hawa watoto wa chipsi! Lakini siwalaumu. Shamba la Baba leo lina jina langu, mimi binti yake, kwenye hati, jambo ambalo Mama hakuliota. Naliangalia nikishukuru, halafu nateremka hadi kwenye mfereji wa Mama na kukuta vumbi. Ardhi nimepata, maji yameondoka.