Msimamo wa Luhende Kuhusu Majeshi ya Kongo

Luhende Mboje wa Nkololo alipigana vita vya Kagera hadi Malampaka. Ndivyo walivyosema watani wake, na hawakusema uongo. Ujanani alikwenda kujiandikisha, akakataliwa kwa sababu ya nyayo bapa, akapewa kazi ya kuswaga ng'ombe waliochangwa na wananchi kuwa kitoweo cha askari. Aliwafikisha stesheni ya Malampaka, akawapakia kwenye mabehewa, akarudi nyumbani na fimbo yake. Tangu hapo hakuna aliyezungumzia jeshi mbele yake bila kusahihishwa.

Mwanawe Dastan alipokuwa askari na kupelekwa Kongo, mzee akawa hashikiki. Basi redio ilipotangaza kwamba wakuu wa nchi za kusini mwa Afrika wameamua kuondoa majeshi yao huko, kibanda cha kinyozi Kristofa, ambako wazee hukutana, kiligawanyika pande mbili.

"Warudi," alisema Sayi, mchuuzi wa ng'ombe. "Ugomvi wa nyumba ya jirani unaamuliwa, ukishindikana unaenda kulala kwako."

"Askari haachi vita kama mtu anayeacha sigara," Luhende akajibu.

"Na mwanao je?"

Watu wote walimtazama. Kristofa alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja. Luhende angeweza kukohoa tu, yakapita. Lakini alikuwa ameshasimama, na mtu akishasimama lazima aseme neno.

"Dastan akirudi vita havijaisha, salamu yake siipokei."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yake. Mkewe, Mektilda, alikuwa anachambua choroko.

"Baba Dastan, umesema nini kwa Kristofa?"

"Yalikuwa mambo ya siasa, mama."

"Sawa. Na mimi nimeondoa majeshi jikoni."

Hakupiga kelele wala hakununa. Alijipikia wali wake kidogo, akala, akaosha sufuria. Luhende aliachiwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya kapu, aitafune kama alivyokuwa anaitafuna hoja yake. Siku za kwanza aliichemsha mwenyewe kwa heshima zote. Baadaye akaanza kupita kwa Sayi saa za chakula, eti kuendeleza mjadala. Sayi alimkaribisha ugali, na kila tonge lilimpa nafasi ya kueleza kwa nini majeshi yarudi. Luhende hakubisha sana akiwa na chakula mdomoni.

"Naona maoni ya wananchi yanabadilika," Sayi alimwambia mkewe.

Dastan alifika alasiri moja kwa bodaboda kutoka Bariadi mjini, na begi kubwa mgongoni. Alipopita kwa Kristofa, kibanda kizima kilifunga kazi kikamfuata, pamoja na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Walimkuta Luhende zizini, anamfunga ndama.

"Mwadila, baba," Dastan alisalimu, akiinama.

Mzee alikaza kamba ambayo ilikuwa imeshakaza. Aliona viatu vya mwanawe, akaona suruali inavyopwaya kiunoni. Moyo ulimruka, lakini nyuma ya ua aliona pia kichwa cha Sayi.

"Wewe," alimwambia ndama, "mwambie huyo mgeni apite ndani, mama yake amemsubiri sana."

Watu wakaangua kicheko. Dastan hakucheka. Alibaki ameinama.

"Umerudi, au umerudishwa?" mzee aliuliza, bado akimtazama ndama.

"Tumeamriwa, baba."

"Amri ya jeshi?"

"Ya jeshi."

Luhende aliachia kamba. "Amri haijadiliwi," aliwatangazia walio nyuma ya ua, kwa sauti ya mtu aliyeshinda. "Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Mwadila sana." Akamshika mwanawe mabega, akashindwa kumwachia.

"Kwani sisi tulikuwa tunajadili nini muda wote?" Sayi aliuliza. Lakini Mektilda alikuwa ameshatoka nje na kanga mkononi, anakimbia kama msichana.

Jioni ile walikula kuku. Luhende aliuliza habari za Kongo, mizinga ikoje, adui yukoje. Dastan alijibu kwamba kulikuwa na mvua nyingi. Alipoulizwa tena alisema jirani yake wa kitanda, kijana wa Songea, hakurudi. Kisha akaomba maji ya kunawa. Mzee hakuuliza la tatu.

Alfajiri Luhende aliamka kupeleka ng'ombe malishoni. Ili mwanawe alale, aliwavua kengele shingoni wote, akawatoa polepole, akitembea kwa ncha za vidole. Jirani aliona kundi zima likipita kimyakimya gizani, likiongozwa na mtu anayenyata. Akapiga mwano, yowe la kuwaita walinzi wa kijiji. Kufumba na kufumbua sungusungu walikuwa wamemzunguka mzee kwa fimbo na tochi, na Dastan, kifua wazi, alikuwa wa kwanza kufika.

"Baba? Unaiba ng'ombe wako?"

"Nilitaka ulale," alisema Luhende.

Dastan alimtazama yeye, akazitazama kengele zilizojaa mifuko ya koti lake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye umande, na sungusungu wakasubiri amalize.

"Lala, mwanangu," mzee alisema. "Hawa nitawaelewesha mimi."