Matundu Niliyotoboa Kushoto mwa Doa

Mimi ni fundi wa kutoboa vyuma hapa Kolwezi, na nitakiri jinsi tufe la bolingi, ule mchezo wa kuangusha vigingi, lilivyoniumbua.

Ilikuwa wakati mgodi umeanguka na Wakasai, watu wa mkoa jirani wa Kasai, wanafukuzwa warudi kwao. Tata Kalonji, mzee wa Kikasai aliyekuwa akitoboa matundu ya vidole kwenye matufe ya klabu yetu ya bolingi, alikuwa stesheni na familia yake wakingoja treni. Basi Mama Odile, bingwa wetu, akaniletea mimi tufe lake jipya.

"Tundu ni tundu tu, Mama," nikajigamba.

Tufe lilikuwa na doa jekundu. Nikadhani ni rangi iliyomwagika, nikatoboa matundu ya vidole kushoto kwake, lisiharibu sura ya kazi yangu.

Mama Odile akarusha. Tufe likakata kushoto, likatumbukia kwenye mfereji wa kando ya njia bila kugusa kigingi hata kimoja. Nikalaumu sakafu. Akahamia njia ya pili, likakata vilevile. Nikasema uchimbaji wa mgodi umeinamisha jengo zima! Mama Odile akanibebesha tufe mpaka stesheni.

Tata Kalonji, ameketi juu ya mizigo yake, akaingiza vidole, akalipima mkononi.

"Ile doa inaonyesha pahali uzito iko mu ndani," akasema. "Ukitoboa kushoto yake, uzito inabakia kuume, tufe inakata kona ya kushoto. Ni nani huyu mupumbavu alitoboa hii?"

Mama Odile akanigeukia.

"Ni mi, Tata," nikasema.

Akaangua kicheko, na mkewe, na watu wote waliokuwa kimya siku nyingi juu ya mizigo yao. Nami nikacheka kuliko wote.