Gia ya Tatu ya Bi Taratibu

Wanafunzi wake walimwita Bi Taratibu, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia tangu wanapofunga mkanda hadi wanaposhuka. Alifundisha udereva tangu ujana wake, katika magari machovu yenye klachi mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na goti lake la kushoto lilikuwa limekakamaa kwa kuokoa magari ya watu. Kwa hiyo aliponunua gari la spoti, jekundu, jipya kutoka dukani, la milango miwili na gia za mkono, hakuna aliyethubutu kumcheka ila mumewe.

"Mke wangu, hili si gari, ni kiatu," alisema mzee, fundi saa aliyestaafu. "Nami nitaingiaje na magoti haya?"

"Utaingia kama unavyovaa kiatu. Kisigino mwisho."

Aliingia, akilalamika, na kwa miezi kadhaa Jumapili zao zikawa na raha yake.

Halafu gia ya tatu ikaanza vituko. Kwanza ilikwaruza kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Baadaye ikawa inaingia kisha inajichomoa yenyewe, gari linanguruma bila kwenda. Asubuhi moja, watu wakikimbilia kazini, ikagoma kabisa katikati ya mzunguko wa barabara. Honi zikamwangukia kama mvua ya mawe. Na kwa mkosi, gari lililokuwa nyuma yake lilikuwa la shule ileile ya udereva aliyokuwa akifundisha. Mwanafunzi akampungia mkono. Bi Taratibu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alijifariji kwamba waranti, ile dhamana ya kiwanda, bado ilikuwa hai, na giaboksi ilitajwa humo waziwazi. Gari likavutwa hadi duka alikolinunua. Mapokezini alimkuta bwana mmoja wa tai, mwenye sauti laini kama pamba.

"Karibu, mama. Nikuletee maji ya baridi?"

"Maji nimekunywa nyumbani. Nimeleta gari."

Bwana wa tai akasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huruma. "Unajua, mama, gia huharibika kutokana na uendeshaji. Waranti inafidia kosa la kiwanda, haifidii mkono wa dereva."

"Mkono upi?"

"Sisemi wewe. Pengine kuna kijana nyumbani hulichukua?"

"Kijana niliye naye nyumbani ni mume wangu, na kutoka tu ndani ya hilo gari lazima avutwe." Akashusha pumzi. "Bwana, mimi ni mwalimu wa udereva."

Uso wa yule bwana ukachangamka. "Ahaa! Kumbe linafundishia! Hayo ni matumizi ya biashara, mama. Hayamo kabisa."

Alieleza mpaka mate yakamkauka kwamba shule ina magari yake, kwamba hilo la kwake halijawahi kuguswa na mwanafunzi. Akaambiwa aje kesho. Kesho yake, msimamizi alikuwa mkutanoni. Siku iliyofuata, mwenye ufunguo wa kabati la kumbukumbu alikuwa likizo. Juma lililofuata akaambiwa gari limekaguliwa. "Limekaguliwaje, na vumbi la boneti bado halijaguswa?" Bwana wa tai akamkaribisha tena maji ya baridi.

"Usipaze sauti," mumewe alimwonya. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ukigomba, watasema huna adabu, na gari watalilaza hukohuko."

Akameza hasira. Lakini hasira ikimezwa hutafuta pa kutokea. Ikatokea kwa muuguzi mmoja, mwanafunzi mwoga aliyekuwa akijitahidi, siku alipokosea gia mlimani. "Wewe nawe umekuja kuniulia giaboksi?" Bi Taratibu alifoka. Muuguzi akalisogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, machozi yakamtoka kimyakimya.

Yalimchoma. "Nisamehe, mwanangu," alisema. "Hukunikosea. Kuna watu wamenikosea, nami nimewashindwa, nikakugeukia wewe." Akamruhusu apumzike, wakakaa pale mpaka wote wawili wakapoa.

Asubuhi yake akaomba ruhusa kazini, akaenda kukaa kwenye kiti cha mapokezi. Hakugomba. Kila mnunuzi alipokuja kupapasa magari ya maonyesho, naye akaulizwa, maana mama mtu mzima huulizwa tu, alijibu kweli tupu.

"Haya madogo mekundu vipi, mama?"

"Mazuri mno, mwanangu. Langu ninalo. Linaruka kutoka ya pili hadi ya nne. Ya tatu ninaisubiri hapa."

Mume na mke waliokuwa tayari kutia sahihi wakatazamana, wakasema watarudi. Hapo msimamizi, yule wa mikutano, akajitokeza mwenyewe.

"Mama, unatuharibia soko."

"Nimesema uongo gani? Fungueni giaboksi, mimi nikiona. Kosa likiwa la mkono wangu, nitanyamaza."

Ikafunguliwa. Fundi akaipangusa mafuta, akaigeuza kwenye mwanga. Pete ya gia ya tatu ilikuwa na ufa. Meno mengine yote yaling'aa kama mapya.

"Hii imekuja hivi," fundi alisema. "Dereva hakuivunja."

Hata hivyo, picha zikapelekwa kiwandani, majibu yakachelewa, giaboksi mpya ikaja, ikakutwa si yake, ikarudishwa. Ilipofungwa ile sahihi, Bi Taratibu alikwisha kusahau gari lake lilivyonukia. Hakuna aliyemwambia pole. Bwana wa tai alimkabidhi ufunguo kwa tabasamu: "Sasa, mama, ukalitunze."

Aliupokea ufunguo, akaondoka na gari lake.

Jioni simu yake ikalia. Duka lilimwomba aeleze, kwa maneno machache, alivyoridhika na huduma. Akavaa miwani, akaketi mezani, akaanza kuandika. Mumewe akapakua chakula, akamwita. Akamwita tena.

"Kinapoa, bibi wee."

"Wewe kula," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi ndiyo kwanza nimefika kwenye maji ya baridi."