Picha ya Matanga

Polisi walimkamata mwenzangu kwa sababu ya nywele. Hakuwa na kosa jingine. Karatasi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa hai, muhuri ulisomeka, jina lilikuwa lake. Lakini mwanamke wa kwenye picha alikuwa na upara, na mwanamke aliyesimama mbele ya polisi alikuwa na rasta zilizofika kiunoni.

Nianze na mahali. Ilikuwa Joubert Park, Johannesburg, majira ya baridi ya mwaka 2017, katika saluni iliyo chini ya ghorofa la wapangaji. Mimi, mtu wa Tanga, nilikodi kiti karibu na dirisha. Yeye, mtu wa Bukavu, alikodi cha pili. Msusi hutembea na kazi yake kichwani. Alibadili mtindo kila mara, na wapita njia waliuliza bei kabla hata ya kuona bango. Picha ile alipigwa muda mfupi baada ya kufika nchini, alipokuwa ameletewa habari kwamba mama yake amefariki. Kwao mfiwa hunyoa. Ofisi ya wakimbizi ikampiga picha akiwa ndani ya matanga, na kila karatasi iliyotoka baadaye ikarudia picha hiyohiyo.

Miaka ile misako ya wageni ilikuwa mingi. Sibishi kwamba dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Mimi mwenyewe nilisimama foleni mpakani Beitbridge, nikagongewa muhuri, nikaona ni sawa. Lakini Beitbridge iko mbali na Joubert Park. Siku ile mpaka ulitufuata wenyewe, ukaegesha magari mawili ya polisi mlangoni na kuanza kuchagua watu. Aliyeongea Kizulu safi aliachwa. Mweusi sana aliombwa karatasi kabla hajafungua mdomo.

Polisi kijana alifungua pasipoti yangu. Pichani nimevaa ushungi, na siku ile nilivaa ushungi. Akanirudishia. Nilipona kwa kitambaa. Kisha akamgeukia mwenzangu, ambaye mikono yake ilikuwa bado kichwani mwa mteja.

"Huyu si wewe," alisema.

"Ni mimi, bhuti," alijibu kwa Kizulu chake cha saluni, akimwita kaka. "Nilifiwa. Nilinyoa."

"Huyu hana nywele. Wewe unazo."

"Nywele zinauzwa duka la pili hapo. Nenda kaulize."

Wateja walicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza. Kijana alikunja karatasi, akaitia mfukoni mwake. Mwenzangu alinigeukia kwa Kiswahili cha kwao: "Dada, unasikia? Banasema kichwa hii haiko yangu!"

Hapo mteja akainuka. Alikuwa mwenyeji, mama wa makamo, keshia wa duka moja kule Kensington, na kesho yake alikuwa na harusi ya mdogo wake. Upande wa kulia alikuwa amesukwa tayari. Wa kushoto nywele zilisimama wima, na kitana kimechomekwa ndani yake.

"Bhuti, nitazame," alisema. "Upande huu. Haya, na huu. Ukinikamata mimi utaandika wanawake wawili?"

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sasa nasimama."

Walimpandisha mwenzangu garini hata hivyo. Mteja akafuata kwa miguu hadi kituoni, kitambaa cha saluni mabegani, kitana kichwani, nami nyuma yake. Njiani nilimwambia ningeweza kummalizia. "Atamaliza aliyeanza," alinijibu, wala hakupunguza mwendo.

Kituoni alikaa kwenye benchi lililotazamana na kaunta. Ofisa wa kaunta alimshauri aende nyumbani kwa kuwa yeye ni raia.

"Eish, na kichwa hiki nipande teksi? Raia gani huyo?"

Ndani, mwenzangu alichukuliwa alama za vidole. Jioni ofisa alimtoa, akamrudishia karatasi yake, akasema anaweza kwenda, ila kwenye jalada ameandikwa mtu asiyejulikana mpaka majibu ya vidole yarudi kutoka makao makuu. Mwenzangu hakusogea. Alijua neno hilo likifika ofisi ya wakimbizi siku ya kuhuisha karatasi, linaweza kumfukuzisha nchini.

"Andika jina langu," alisema.

"Unataka nikurudishe ndani?"

"Nirudishe na jina langu."

Ofisa alidai jalada hubadilishwa na majibu tu, si na yeye. Walitazamana mpaka ofisa akajifanya ana simu ya kupokea. Basi mwenzangu akatoka nje, akamketisha mteja kwenye ukuta mfupi mbele ya kituo, palepale polisi wanapobadilishana zamu, akaendelea kusuka upande wa kushoto. Kijana aliyemkamata alipita akiwa ameshavua sare. Mteja akampungia mkono: "Bhuti, sasa naanza kufanana na mimi!"

Wiki iliyofuata nilimshauri mwenzangu anyoe, afanane na picha, tupumue. Alinitazama kama nimemtukana.

"Nifiwe mama mara ya pili juu ya polisi?"

Hakunyoa. Alisuka rasta ndefu zaidi, akazitia na rangi nyekundu, akawa anapita mbele ya kituo kila asubuhi ingawa njia fupi ilikuwa nyingine.

Mteja alipiga simu kituoni mara nyingi, mimi nikaenda mwenyewe kuuliza. Nilipohama Joubert Park kwenda Bertrams, majibu ya vidole yalikuwa hayajarudi, na kwenye jalada lao alikuwa bado mtu asiyejulikana.