Nani Anawapelekea Chuma Nyimbo Zetu?

Nashon Ogutu alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa furaha kupita kiasi, alijiuliza unataka nini kwake. Ukimsalimia kwa mkato, alijiuliza umesikia nini. Mkewe, Selpher, alikwisha kuzoea kuulizwa kila jioni, katika chumba chao cha mtaa wa Mountain View, ni nani amesogeza viatu vyake. Mchana Nashon alitunza bustani ya familia ya Mama Urvashi kule Lavington, mtaa wa matajiri. Lakini kazi aliyoitaja kwanza ukimuuliza anafanya nini mjini ilikuwa nyingine kabisa, na haikuwa na bosi: yeye ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa mashabiki wa Nyuki FC, tawi la magharibi.

Wasiojua mpira hudhani mashabiki huimba chochote kinachowajia mdomoni. Wapi! Wimbo wa Nyuki ulitungwa wiki nzima. Nashon aliutunga akiwa kazini, makasi ya kukatia ua yakimpigia mdundo, kwa maana hakujua kutunga mikono ikiwa mitupu. Alhamisi jioni aliuleta Kenyatta Market, nyuma ya kibanda cha nyama choma, na hapo watu arobaini waliufanyia mazoezi kwa kunong'ona ili meza za jirani zisisikie. Kutoka hapo hadi siku ya mechi wimbo ulikuwa siri. Raha yake ni kumwacha mpinzani mdomo wazi. Mpinzani akikujibu papo hapo, ubeti kwa ubeti, umeshafungwa kabla ya filimbi.

Na msimu huu nyimbo zote zilimlenga mtu mmoja, Mukonyo, kocha wa Chuma Stars. Mukonyo alikuwa na kigugumizi. Nchi nzima ilimwona kwenye televisheni akihangaika na neno "penalti" huku mtangazaji akimtolea macho. Nashon alicheka usiku ule hadi Selpher akamwambia anyamaze, na asubuhi alikuwa na wimbo:

Kocha Mukonyo, sema tukusikie,
Pe-pe-pe-pe, mpaka mechi iishe!

Watu elfu nne waliuimba kila kocha yule aliposogea kando ya mstari. Ukiwa katikati ya sauti ile huoni ubaya wowote, unajiona tu umependwa na watu wote. Mukonyo alisimama mikono kifuani, hageuki. Nashon alikuwa juu ya ukuta mfupi wa jukwaa, ameupa mpira mgongo, anawatazama watu wake. Kando yake alisimama Gurjit Singh, Kalasinga mwenye duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, na dhol shingoni, ngoma ile wanayopiga kwenye harusi za kwao. Wimbo wa Nashon bila ngoma ya Gurjit ulikuwa nusu wimbo, na Nashon mwenyewe alilikiri hilo, ingawa si mara nyingi.

Kisha mambo yakaharibika. Katika mechi ya marudiano, Nyuki walipoanza wimbo mpya, upande wa Chuma ulijibu kabla hata korasi haijamalizika:

Mwacheni aseme polepole,
Mabao yake yanasema mbio!

Kila ubeti ulipata jibu lake, kwa mizani ileile, watu wote kwa sauti moja. Hilo halikuwa jambo la kubuniwa palepale. Mwezi uliofuata, timu hizo zilipokutana tena kwenye kombe, ikawa vilevile. Mashabiki wa Nyuki walirudi nyumbani wameinamisha vichwa utadhani wametoka matangani.

"Hii si bahati mbaya," alisema Kavutha, mwenyekiti wa tawi, mama mwenye mwili na sauti ya kuamrisha. "Kuna mtu anatuuza."

"Mtu wetu ama wa nje?" akauliza Odhiambo, ambaye siku zote alitamani kuimbisha.

"Mtu wetu," Nashon akasema. "Na mimi nitamshika."

Sasa alikuwa amepewa ruhusa ya kufanya alichokuwa akikifanya maisha yake yote. Alimshuku Kavutha kwa sababu simu yake ililia sana. Alimshuku Odhiambo kwa sababu ya wivu. Alimshuku hata muuza nyama, aliyewapa kibanda bure. Halafu Jumamosi moja, alipokuwa katikati ya mji kumtafutia Mama Urvashi mpira wa kumwagilia maua, alipita Kirinyaga Road akamwona Gurjit mlangoni pa duka lake, amemshika bega kijana aliyevaa jezi ya Chuma, wanacheka. Kijana alibeba boksi la breki. Mtu mwingine angeona mteja na muuzaji. Nashon aliona mkono uliokuwa begani, na moyo wake ukatulia kwa namna ya ajabu, kwa sababu sasa alikuwa na mtu. Tena, alijiambia, ukifikiria vizuri, Kalasinga anatafuta nini kwa Nyuki?

Akamtegea. Alitunga ubeti mmoja wa pembeni, kuhusu kofia kubwa ambayo Mukonyo alianza kuivaa, kwamba imemmeza masikio ndiyo maana hasikii akitukanwa. Akampigia Gurjit simu.

"Singh, hii nakupea wewe peke yako. Usiambie mtu, hata Kavutha."

"Sawa, omera," Gurjit akajibu, kwani alipenda kumwita ndugu kwa Kijaluo. "Hiyo ni moto. Nitaitafutia mdundo."

Siku ya marudiano ya kombe, timu zilipotokea, hakuna hata mtu mmoja wa Nyuki aliyekuwa ameimba habari za kofia. Lakini jukwaa la Chuma liliinuka, na watu kama mia tatu wakatoa kofia za magazeti wakazivuta hadi chini ya masikio, wakapunga mikono kuelekea upande wa Nyuki. Nashon akamgeukia Gurjit. Gurjit alikuwa ametoa macho, vijiti vya dhol vimekwama hewani, na Nashon akasema moyoni: tazama anavyojua kuigiza.

Alhamisi iliyofuata, nyuma ya kibanda cha nyama, alisimulia mtego wake mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyekula. Gurjit alisikiliza akiwa amesimama.

"Omera, ulishaniuliza?" akasema. "Hata siku moja, ulishaniuliza?"

"Nikuulize nini na kofia mia tatu zimeshanijibu?"

"Toka," Kavutha akamwambia Gurjit. "Toka na ngoma yako."

Gurjit aliwatazama mmoja mmoja, watu aliosimama nao juani miaka sita, na hakuna aliyenyanyua uso. Alipoondoka mtu mmoja akatupa neno baya kuhusu kilemba chake, na wengine wakacheka. Nashon pia alicheka. Aliporudi nyumbani alimwambia Selpher kwamba kazi imekwisha, na Selpher akamuuliza mbona basi haonekani kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumanne asubuhi alikuwa Lavington, anakata ua la kayaba lililoota kando ya ukuta wa jirani. Jirani mwenyewe hakuna aliyemjua. Alihamia Januari, geti jeusi, gari la vioo vyeusi, na askari wake alikatazwa kusema lolote. Kule mtu anaweza kukaa miaka kumi asijue aliye nyuma ya ukuta anaitwaje. Makasi yalikata, cha-cha, cha-cha, na Nashon akaanza kuupima wimbo mpya kwa sauti yake yote, kwa kuwa bustanini hakuwa akijizuia:

Kocha Mukonyo, umelala wapi,
Ka-ka-kaseme hata jina lako!

Kutoka ng'ambo ya ukuta sauti ya mwanamume ikaimba, nyororo, bila kukwama hata mahali pamoja:

Jina langu mwaliimba nyie,
Mimi nalala, nyie hamlali!

Makasi yakamwanguka. Aliburuta ngazi hadi ukutani, akapanda, akachungulia juu ya nyaya. Kwenye baraza, mbele ya kikombe cha chai na daftari, alikaa Mukonyo, amevaa bukta na kandambili.

Jambo la kwanza lililomjia Nashon lilikuwa lilelile la kila siku. "Umeniwekea nini hapa?" akafoka. "Kamera? Kuna nini?"

"Ka-ka-kamera ya nini?" Mukonyo akasema. "Wewe unaimba tangu Ja-Januari. Hata mbwa wangu anajua korasi."

"Na ya kofia?"

"Hiyo uliimba wiki nzima. Ni-nikawaambia vijana waje na kofia."

Nashon alishikilia ngazi. Mtego wake wote, akili yake yote, siri aliyompa mtu mmoja tu, alikuwa ameutangazia ukuta siku saba mfululizo, na wala hakukumbuka, kwa sababu kwake kukata ua na kuimba vilikuwa kitu kimoja. Akauliza, kwa sauti iliyokwisha nguvu, "Mbona ukiimba hukwami?"

"Ni-nikiimba haishiki." Kocha akafunga daftari. Alichukua muda mrefu kusema yaliyofuata, na Nashon, kwa mara ya kwanza, alilazimika kumngoja amalize. Alisema kwamba uwanjani alikuwa akiwasamehe. Ni mechi, watu wamepandwa na jazba, kila mtu anaimba kwa sababu jirani yake anaimba. "La-lakini hapa ni saa mbili asubuhi. Uko peke yako na maua. Ha-hakuna mtu anakushangilia. Na bado unanicheka, tena u-una raha." Akainua kikombe chake, akaingia ndani.

Nashon aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini haya hiyo ingeweza kukaa kati ya kuta mbili, na hilo nalo alilifikiria. Kocha hakumjua jina. Tawi lilikuwa na mhalifu wake tayari. Angeacha tu kuimba bustanini, nyimbo zingeacha kuvuja, na watu wangesema, mnaona, tangu Kalasinga aondoke kumetulia. Angeendelea kusimama juu ya ukuta wa jukwaa. Siku nzima alikata ua kimya kimya, akalikata vibaya, hata Mama Urvashi akatoka kumuuliza kama anaumwa.

Siku iliyofuata alienda Kirinyaga Road. Gurjit alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya rafu za plagi na mikanda ya injini. Nashon alisema yote, hakuacha kitu.

"Umeambia nani mwingine?" Gurjit akauliza mwishowe.

"Nimeanza na wewe."

"Uliniita msaliti mbele ya watu arobaini, na kunisafisha unanisafishia hapa, mimi na wewe na mafuta ya gia." Gurjit hakupandisha sauti. "Waambie wao. Mimi nilikuwa najua sikufanya."

Alhamisi Nashon alisimama nyuma ya kibanda cha nyama na akasema. Alieleza ukuta, makasi, daftari, kofia. Alisema Gurjit hana kosa, kosa ni la mdomo wake mwenyewe. Alipomaliza alingoja wamtukane. Hilo alikuwa amejiandaa nalo.

Hawakumtukana. Walimtazama namna ambayo yeye alikuwa akiwatazama msimu mzima.

"Kocha wa Chuma anaishi ukuta mmoja na bustani yako tangu Januari," Kavutha akasema taratibu, "na wewe, Nashon, wewe mwenye kushuku mpaka kivuli, hukujua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu."

"Juzi uliapa ni Singh. Leo unaapa ni ua." Odhiambo alikwisha kusimama. "Amekupea nini huyo Kalasinga? Ama ni kocha? Mlikunywa chai pamoja?"

"Mtego wako ulifanya kazi," akasema mwingine. "Sisi wote tuliona kofia."

Nashon alijitetea, na kila alichokieleza kiligeuka kuwa ushahidi. Alijua vizuri jinsi ya kumtafutia mtu kosa, na alikuwa amewafundisha kazi hiyo vizuri mno. Kavutha akamwomba aache jezi mezani. Wimbo wa Jumapili angeimbisha Odhiambo.

Alitoka akasimama nje ya saluni ya hapo sokoni, kati ya wanawake waliokuwa wakisukwa, akampigia Gurjit.

"Umesema?" Gurjit akauliza.

"Nimesema."

"Wakaamini?"

"Hapana. Wanasema umeninunua."

Upande wa pili mlango wa chuma wa duka ulisikika ukivutwa chini.

"Basi sasa tuko wawili," Gurjit akasema, na hakukata simu.